Mshonaji wa Maboksi

Basi lilinishusha mahali ambapo, kwa macho yangu, hapakuwa na sababu yoyote ya basi kusimama. Palikuwa na kituo cha mafuta chenye pampu moja iliyofungwa kamba, ukuta mrefu wa matofali, na mbwa aliyelala katikati ya barabara kwa utulivu wa mwenye nyumba. Kondakta alinirushia begi langu. "Si ulisema ofisi ya vifurushi? Fuata ukuta," akasema, na kabla sijauliza niufuate kuelekea upande gani, basi lilikuwa limeshakwenda zake.

Mji huo nilikuwa naujua kwa ujumbe wa simu tu. Boksi nililolitanguliza kwa dada yangu lilikuwa limekwama hapo, na kila asubuhi simu ilinijulisha kwamba linasubiri maelekezo. Kwa kuwa safari zangu nyingine zilinipitisha karibu, niliona nishuke nikayatoe hayo maelekezo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ukuta uliishia kwenye ghala la bati lenye mlango mpana wa kuburuta. Ndani kulikuwa na kaunta, mizani, foleni ya watu wenye haraka, na ile harufu ya katoni mpya ambayo haibadiliki popote uendapo. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye kila mtu alimwita Dada wa Kaunta. Alilivuta boksi langu kutoka kwenye rafu, akalitua mbele yangu na kunisogezea karatasi.

"Saini hapo chini."

Nimepokea mzigo wangu ukiwa katika hali nzuri. Sentensi hiyo nimeisaini katika lugha kadhaa, nyingine nikizielewa vizuri, nyingine nikibabaisha tu, na katika zote nimeisaini kwa namna moja: nikiwa nimesimama, boksi likiwa bado limefungwa, na mtu nyuma yangu akikohoa. Nikaishika kalamu.

"Fungua kwanza," sauti ikasema.

Aliyesema alikuwa amechuchumaa nyuma ya kaunta, katikati ya maboksi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, mabega yameinama kama ya mtu aliyezoea dari fupi. Mkononi alikuwa amevaa bunda la selotepu kama bangili.

Dada wa Kaunta aligeuka taratibu. "Wewe Mshonaji, tangu lini unawafundisha wateja kazi?"

"Afungue, dada. Boksi ni lake na macho ni yake."

"Na hii foleni utaihudumia wewe?"

"Mwacheni afungue," mtu aliyekuwa akikohoa nyuma yangu akasema, "mradi asituonyeshe soksi zake."

Watu wakacheka. Nilifungua. Jagi la udongo nililomnunulia dada yangu lilikuwa limekuwa vipande, na mkono wake wa kushikia ulikuwa mzima kabisa, umelala juu ya vipande hivyo kama vile haukuhusika. Dada wa Kaunta alinitazama kana kwamba nimelivunja mbele yake. Akanieleza kwa mkato kwamba nina haki ya kudai fidia, kwamba mkaguzi wa bima huja mwisho wa wiki, na kwamba kama nina kazi nyingine muhimu kuliko jagi niende nikaifanye. Sikuwa nayo. Nikauliza mgeni hulala wapi katika mji huu.

"Mama mkwe wangu ana chumba," Mshonaji akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshalibeba begi langu.

Njiani alinunua sukari, sabuni, na misumari ya bati. Nilidhani anakwenda kwake. Kumbe vyote vilikuwa vya mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe, alipoviona, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alivipokea kwa mikono miwili, akaviangalia, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, juzi sukari, leo sukari. Mimi ni nyuki?"

"Itasaidia, mama," akajibu huku akitazama viatu vyake. Akachukua misumari na kupanda juu ya paa la banda la kuku, ambako tulimsikia akigongagonga mpaka jua likaanza kushuka.

Mama huyo alikuwa mjane, mwembamba, mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kusema. Alifuga kuku kwenye ua uliofagiliwa ukafagilika, na majirani walimwita Mama Vifaranga. Jina hilo hapo zamani lilikuwa la heshima. Siku nilipofika lilikuwa limeshageuka dhihaka, na sababu yake ilikuwa kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa cha meza kilichotariziwa: mashine ya kutotolesha vifaranga.

Alinieleza mwenyewe akinikatia mboga. Aliiagiza kutoka mbali, kwa akiba yake yote na kwa kuuza majogoo wake. Majirani walimpa mayai yao awatotoleshee, kila nyumba na trei yake, naye akayaandika kwa kalamu ya risasi ili yasichanganyike. Akayageuza asubuhi na jioni. Akalala karibu nayo kama mtu anayeuguza. Hakikutoka hata kifaranga kimoja. Yalipopasuliwa, harufu yake ilivuka nyua tatu.

"Kosa ni langu," akasema. "Mashine nzuri, mwenye mashine ndiye mzito. Kuna kitufe sikukielewa. Nimesoma kile kijitabu mpaka macho yakauma, bado sioni nilipokosea."

"Labda mashine yenyewe ilikuwa mbovu?"

"Haiwezekani." Alishusha sauti na kuelekeza kisu kwenye paa, kule misumari ilikogongwa. "Aliileta yeye kwa mikono yake. Nilitaka kuifungua hapo mlangoni, nikajiambia, nifungue nikitafuta nini? Mkwe wangu ndiye anayefanya kazi huko. Kufungua mbele yake si ni kumwambia simwamini? Nikasaini. Na tazama alivyo mwema. Tangu mayai yaharibike haachi kuja. Leo bati, kesho kuni. Mpaka naona haya, mgeni. Mtu mzima kumtwisha kijana wa watu matatizo yake."

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa bati, sauti ya kike ikapaa: "Mama Vifaranga! Leo wametoka?"

"Bado," mama akajibu kwa sauti ya kucheka, na uso usiocheka.

"Watoke basi, au wanasubiri pasipoti?"

Kugonga juu ya paa kulisimama. Kisha kukaanza tena, kwa kasi zaidi.

Nilidhani nimemwelewa Mshonaji: mkwe mpole, mwenye huruma, anayemwonea uchungu mama wa mkewe. Kesho yake, kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na ghala, dereva wa lori la vifurushi alinionyesha kwamba sikuwa nimeelewa kitu. Dereva huyo aliitwa Kobe kwa sababu alikuwa akiendesha kama mtu anayefukuzwa.

"Unajua kwa nini tunamwita Mshonaji?" akaniuliza, akiwa amejaa fahari. "Hajawahi kushika sindano. Anavisha maboksi."

Akaeleza kwa mikono. Boksi likifika limepondwa, linavuliwa na kuvishwa jipya. Karatasi ya anuani inabanduliwa kwa mvuke wa birika, polepole, kisha inabandikwa kwenye boksi jipya ikiwa imepinda kidogo, maana karatasi iliyonyooka sana hutia watu shaka. Halafu boksi linapakwa vumbi la sakafuni, lionekane limetoka safari. Mteja anakuja, anaona boksi zima, anasaini. Akishasaini, yaliyovunjika ndani yamevunjikia kwake.

"Na bima?"

"Bima ya nini tena? Si amesaini hali nzuri?" Kobe akacheka. "Sisi hatuibi, usinielewe vibaya. Kila kitu chake anakipata. Tunavisha tu."

Niliuliza ni nani aliyebuni jambo hilo. Hakuna aliyejua. Lilikuwapo tangu enzi za meneja aliyepita. Kituo chenye madai mengi ya fidia hukaripiwa na makao makuu, na wafanyakazi wake husahauliwa kwenye zawadi za mwisho wa mwaka. Kituo kisicho na madai hupewa ngao. Ngao yenyewe niliiona baadaye, imetundikwa juu ya birika lile lile.

Mshonaji alianza hapo akiwa mpakuzi, kijana asiye na chochote ila mgongo. Kwa watu wa mji huo, mpakuzi hakuwa mtu wa kupewa binti. Wajomba wa binti walikataa katakata. Mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa bado hajawa mkwe wa mtu, aliwaambia anayemtaka mwanawe anambebea kuni bila kuombwa, na hilo linamtosha. Wajomba wakaondoka wamenuna. Haya nilielezwa na Mshonaji mwenyewe, mchana huo huo, nyuma ya ghala, alikokuwa akikanyaga katoni kuukuu ili zilale. Alikuwa amemwona Kobe akinisimulia.

"Amekwambia," akasema.

"Amenambia."

Aliendelea kukanyaga. "Ile mashine ilikuja na kona imeingia ndani. Nilipoinyanyua nikasikia kitu kinalia tumboni mwake, kama vijiko. Nikaivisha kama zote. Sikuangalia jina. Huwa siangalii jina, unabandua tu karatasi, unabandika. Ila siku hiyo mvuke ulizidi, karatasi ikajikunja, nikainyoosha kwa kidole. Nikasoma."

"Ungeweza kusimamisha."

"Ningeweza." Alilisema bila kujitetea. "Nikajiambia labda kilicholia ni kijiko kweli. Nikajiambia akiikuta na boksi baya atanionaje, mimi wa hapo hapo ofisini. Nikaona nimpelekee mwenyewe, kwa heshima. Nikampa kalamu. Unajua alisema nini? Alisema, 'Mwanangu, nifungue ya nini, umeileta wewe.' Na mimi nikacheka. Nilicheka, kaka. Nikashika karatasi ili upepo usiipeperushe wakati anasaini."

Ndipo nikajua kwa nini mtu huyu, mbele ya foleni na mbele ya wenzake, aliniambia nifungue kwanza, na kwa nini sukari ilikuwa ikinunuliwa kila mara.

"Nasikia anavyowaomba majirani radhi," akasema. "Anaomba radhi kwa kosa langu, halafu ananishukuru kwa misumari."

Alikuwa amekata shauri. Muda wa kudai fidia ya mashine ile ulikuwa unakwisha na mkaguzi ajaye. Akimkosa huyu, basi tena, mama atabaki na sanduku bovu na jina baya. Mpango wake ulikuwa amfuate mkaguzi faraghani, amweleze, fidia itoke, na mama aambiwe tu kwamba kampuni imeamua kumlipa. Asijue zaidi ya hapo. Nilimtazama, naye akageuza uso. Sote wawili tuliona tundu katika mpango huo, ila yeye ndiye aliyehitaji kutoliona.

Wenzake walinusa. Ghala ni dogo. Jioni hiyo Dada wa Kaunta alimsimamisha mlangoni, miwani mkononi.

"Nasikia unataka kusema na mkaguzi."

"La mama mkwe tu, dada."

"La mama mkwe ni la nani? Ukisema uliivisha moja, atauliza mkono huo ulijifunzia wapi. Ukitoa lako, umetoa letu. Mimi nina watoto shuleni."

"Na mimi ninao."

"Basi wafikirie hao. Mkweo utamnunulia nyingine pole pole." Akalainisha sauti. "Mshonaji, sisi ni ndugu hapa. Usitumwagie unga kwa ajili ya mayai."

Mshonaji alivua bunda la selotepu mkononi, akalitundika kwenye msumari, akaondoka.

Mkaguzi wa bima alikuja asubuhi, kijana mwenye viatu vilivyong'aa ambaye alivikwepesha madimbwi moja baada ya jingine. Alikuwa na adabu, na alianza na jagi langu. Aliokota kipande, akanusa gazeti nililofungia.

"Ulilifunga kwa gazeti tu?"

"Mawili."

"Mteja, udongo haufungwi kwa habari. Huu ni ufungaji duni. Bima haimlipi aliyejivunjia mwenyewe." Foleni ikafurahi sana. Nilikubali hukumu, maana ilikuwa ya haki, nikaanza kukusanya vipande vyangu kwenye benchi lililo karibu na chumba cha ndani. Mlango wake ulikuwa haufungiki vizuri, ndiyo maana niliyasikia yaliyofuata.

"Unadai kwa niaba ya nani?" mkaguzi akauliza.

"Mama mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kwamba mashine ilivunjikia huku. Nilitaka umwandikie tu, bila kumsumbua."

"Ndugu yangu, siwezi kuandika dai la mtu asiyejua kwamba anadai. Lazima niione mashine, na lazima nimsikie mwenyewe. Ni mbali?"

"Si mbali," Mshonaji akasema, kwa sauti ya mtu aliyetamani iwe mbali.

Tulikwenda watatu, mkaguzi mbele na begi lake la vifaa, Mshonaji nyuma yake, na mimi kwa kuwa nilikuwa nakaa huko. Mama alikuwa uani akiwamwagia kuku pumba. Alipotuona alifurahi na kufadhaika kwa pamoja, akajipangusa mikono, akajifunga mtandio upya.

"Karibuni! Mwanangu, mbona hukusema unaleta mgeni wa heshima? Mimi hapa na nguo za bandani!"

Mkaguzi aliketi, akaeleza shida yake kwa upole. Je, mashine ilipofika, mama aliifungua kabla ya kusaini? Hakuifungua. Kwa nini? Kwa sababu aliyeileta ni huyu. Je, aliwahi kuidondosha? Hata siku moja. Mkaguzi akaondoa kitambaa kile cha kutariziwa, akakikunja vizuri na kukiweka juu ya kiti, akatoa bisibisi na kufungua mfuniko wa nyuma ambao mama, kwa kuuogopa, hakuwahi kuugusa.

Ndani, feni ndogo ilikuwa imekatika panga. Waya wa joto ulikuwa umechomoka na kuning'inia. Chini kabisa, vipande vya kioo cha kipimajoto vilikuwa vimelala, vidogo kama chumvi.

"Mama," mkaguzi akasema, "hapa hukukosea kitufe. Hii ilianguka kwa kishindo kabla haijafika kwako. Hata angekuja fundi wa kuitengeneza mashine yenyewe, mayai yangeoza."

Mama alivitazama vile vioo kwa muda. Nilimwona akipumua, kama mtu aliyetuliwa gunia. Halafu gunia jingine likapanda polepole, na akamgeukia mkwe wake. Tangu nifike, sikuwa nimewaona wakitazamana usoni.

"Iliangukia njiani," akasema. "Kwenye lori. Mwanangu hakujua."

Hakuwa anauliza. Alikuwa amemfungulia mlango na kusimama kando ili apite. Mkaguzi naye aliinua macho kumtazama Mshonaji, kalamu ikasubiri.

"Nilijua, mama."

"Hukujua."

"Nilijua. Boksi lilikuwa limepondeka, nikasikia vinalia ndani, nikalivua nikaivisha jingine. Jina lako nililisoma. Nilikuletea nikijua, na kalamu nikakupa nikijua."

Mama aligeuka haraka kwa mkaguzi. "Andika niliiangusha mimi. Sasa nakumbuka. Nilikuwa naipangusa vumbi, ikaniponyoka. Mimi mtu mzima, mikono inatetemeka." Akainyoosha mikono yake mbele ili tuione. Haikutetemeka hata kidogo.

"Mama, usiseme uongo kwa ajili yangu," Mshonaji akasema.

Ni neno zito kumwambia mama mkwe, na alilisema mbele ya wageni. Wote tulilisikia likitua. Mama alirudisha mikono mapajani. Kuku mmoja aliingia sebuleni, akatutazama, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini, na hakuwa akimtetea mtu.

"Ndiyo maana ya sukari."

"Ndiyo, mama."

"Na bati."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na hao wengine?" mama akauliza. "Uliowavisha ambao si mama zako. Nao uliwaezekea mabanda?"

"Hapana."

"Unawajua?"

"Siwajui, mama. Nilikuwa sisomi majina."

Hapo ndipo nilipomwona akiaibika kweli. Yote niliyokuwa nimeyaona kabla, kule kutazama viatu na kugonga misumari, yalikuwa aibu ya mtu anayeogopa kujulikana. Hii ilikuwa nyingine. Alikaa chini pale pale, juu ya sakafu, ingawa kiti kilikuwapo, na akajifunika uso kwa mikono ile mirefu yenye ncha zinazong'aa kwa gundi. Mkaguzi alijishughulisha na bisibisi yake. Mimi nilitazama ukuta. Mama peke yake ndiye aliyeendelea kumtazama.

Mkaguzi aliandika, akasoma alichoandika, mama akasaini baada ya kuuliza kila mstari unasema nini. Fidia ya mashine ingetoka, hilo alilithibitisha. Mayai hayakuwamo kwenye bima.

"Mayai yalikuwa ya watu," mama akasema.

"Najua, mama. Ila hayakuwamo." Kisha akamwambia Mshonaji kwamba itabidi aende makao makuu akarudie maneno hayo, na si kuhusu boksi hili peke yake. Aende na nguo za kutosha. Kama angerudi kwenye kazi yake, mkaguzi hakujua, na hakutaka kumdanganya.

Habari zilifika ghalani kabla ya Mshonaji. Dada wa Kaunta alimpokea kwa jina jipya, Shahidi, na kulitamka kama mtu anayetema mbegu. Alipomwomba Kobe lifti, kwa kuwa lori lilikuwa linaelekea huko huko, Kobe alijibu mbele ya wapakuzi wote: "Gari langu halibebi kisichofungwa." Wapakuzi wakacheka, wengine kwa kutopenda. Aliniambia baadaye kwamba nyumbani mkewe hakugomba. Alimpangia nguo kwenye begi kimyakimya, na mashati yote aliyaweka bila kuyakunja.

Asubuhi ya safari alikuja uani kwa mama mkwe, begi begani, lakini hakuingia kwanza. Nilikuwa nimeketi kibarazani nikimsubiri kumuaga. Alikwenda kwenye ukuta wa bati, upande wa yule jirani mwenye mzaha wa pasipoti, akabisha kwa kucha.

Jirani akachungulia juu. "He, Mshonaji! Mkweo leo vipi, wametoka?"

"Hawakuweza kutoka, dada. Mashine ilikuwa imevunjika. Niliileta mimi nikijua imevunjika, nikamficha. Mama hakukosea chochote. Mayai yako niliyaharibu mimi."

Nadhani jirani alikuwa na mzaha mwingine tayari, nao ukakwama mahali fulani kooni. "Wewe?" akasema hatimaye.

"Mimi. Nikipata kazi nitayalipa. Nisipopata, umejua wa kumdai."

Akaenda ukuta wa pili, akabisha. Akaenda nyumba ya mbele, ng'ambo ya njia, ambako mzee mmoja alimsikiliza akiwa amesimama na mswaki mdomoni. Maneno yalikuwa yale yale kila mahali, na hayakuwa yakizoeleka. Kila mlango aliuanza kama ndio wa kwanza. Mama alikuwa ndani ya banda la kuku muda wote huo. Banda halina ukuta wa kuzuia sauti. Alisikia kila nyumba.

Mwisho akaja kusimama mbele ya banda.

"Mama, naondoka."

"Haya," mama akajibu kutoka ndani.

Mshonaji alingoja. Kila nilipomsikia mama huyo akimsemesha, neno mwanangu halikuwa mbali. Hata akimkemea kuhusu sukari lilikuwapo. Nilijikuta nami nalingojea. Ndani kulisikika ndoo ya maji ikiburutwa, na kuku wakilalamika. Neno hilo halikuja.

"Mwambie mama watoto nitapiga simu," akasema.

"Nitamwambia."

Akanipa mkono. Ulikuwa mkavu, umesuguliwa kwa kitu kikali. Alikuwa amejaribu kuitoa gundi. Akapita langoni, akalifunga nyuma yake kwa uangalifu ili kuku wasitoke, akafuata njia inayokwenda kwenye ukuta mrefu wa matofali. Baada ya muda tulisikia basi likisimama, likanguruma mahali pamoja, likaondoka.

Mama alitoka bandani na unyoya kwenye mtandio. Akatazama lango.

"Kaenda?"

"Kaenda, mama."

Alisimama akishika ndoo tupu. Nikadhani atalia, au atasema jambo juu ya mashine, au juu ya majirani ambao sasa walikuwa wamenyamaza kila upande.

"Hakunywa chai," akasema kwa hasira, kama anayemshtaki kwangu, akaingia ndani.